Shajara ya mradi: kusimika Django kwenye seva ya leja ya kahawa, Moshi

Jumatatu

Kazi iliyo mbele yetu ni kusimika seva moja itakayobeba leja ya kahawa ya chama cha msingi cha ushirika kilichoko upande wa Kibosho, na kuikamilisha kabla mizani haijafunguliwa mwezi Julai. Programu ya leja imeshaandikwa kwa lugha ya Python juu ya kiunzi cha Django, yaani vipande vilivyo tayari vya kujengea programu za wavuti, na hadi sasa imekuwa ikiendeshwa kwenye kompyuta yangu ya mkononi hapa Moshi mjini. Kilichobaki ni kuihamishia mahali ambapo makarani wa mizani wataifikia kwa simu zao wakiwa mlimani, na katibu ataifikia kutoka ofisini. Wakulima wa Kilimanjaro walianza kujiunga ili kuuza kahawa yao mwaka 1925, na KNCU, muungano wao wa ushirika, ikafuata mwaka 1933, kwa hiyo hakuna mwanachama anayehitaji kuelezwa na mtu wa kompyuta thamani ya stakabadhi. Anachotaka kujua ni kama kilo alizopimiwa leo atazikuta vilevile siku ya malipo ya pili, na kila uamuzi ninaouandika humu nimeupima kwa swali hilo.

Seva tumeikodi katika kituo kimoja cha Dar es Salaam. Za Ulaya zilikuwa na bei nafuu zaidi, lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na watu wengi nchini wakabaki na intaneti ya kusuasua au wakakosa kabisa. Leja iliyo ndani ya nchi ina nafasi nzuri zaidi ya kufikika siku kama ile. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Leja yetu ina majina ya wanachama, namba zao za simu na akaunti zao za benki, nami sikuona sababu ya kuwatwisha viongozi wa chama mzigo ambao ungeweza kuepukwa kwa kuchagua tu mahali pa kukodi.

Seva yenyewe ni ndogo: viini viwili vya kichakataji, kumbukumbu ya GB 2, na mfumo wa Ubuntu 24.04, toleo la Aprili 2024 linalohudumiwa kwa miaka mitano. Nimeiongezea faili ya kumbukumbu ya akiba ya GB 2 kwenye diski, kwa sababu Linux inapoishiwa kumbukumbu huchagua mchakato mmoja na kuuua, na mara nyingi mchakato unaochaguliwa ni ule mkubwa kuliko yote, ambao kwetu unaweza kuwa hifadhidata.

Jumanne

Leo ilikuwa siku ya milango na funguo. Nimefungua akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi, nikaweka ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kisha nikazuia kuingia kwa nywila na kuingia moja kwa moja kama mtumiaji mkuu. Hapa pana jambo linalowapita wengi. SSH husoma mipangilio yake kuanzia juu, na thamani ya kwanza inayokutana nayo ndiyo inayoshika. Seva nyingi za kukodi huja na faili dogo, ndani ya saraka ya nyongeza inayosomwa mwanzoni, ambalo linaruhusu nywila, kwa hiyo mtu anaweza kuandika katazo kwenye faili kuu na katazo hilo lisifanye kazi hata kidogo. Njia ya uhakika ni kuiuliza SSH yenyewe kwa amri ya sshd -T ionyeshe mipangilio inayotumika kweli, na baada ya hapo kujaribu kuingia kwa nywila kutoka kompyuta nyingine. Nimefanya yote mawili, na mlango umefungwa.

Ukuta wa kinga umeachiwa poti (milango ya mtandao) tatu tu: 22 ya SSH, na 80 na 443 za kurasa za wavuti. Masasisho ya usalama yanajisakinisha yenyewe kila siku.

Jumatano

Django inayopatikana kwenye ghala la Ubuntu 24.04 ni ya mfululizo wa 4.2, ambao huduma yake ya muda mrefu ilipangiwa kuisha Aprili 2026. Sikutaka leja mpya izaliwe ikiwa imeshakaribia ukingoni, kwa hiyo tumechukua 5.2, iliyotolewa Aprili 2025 na itakayopata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Python ya seva ni 3.12, nayo inakubaliana nayo bila tatizo. Kwenye Ubuntu za sasa pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, hukataa kusakinisha chochote katika Python ya mfumo, na katazo hilo ni la haki, kwa kuwa zana za mfumo wenyewe zinaitegemea Python hiyohiyo. Kuna kigezo cha kulilazimisha, na ningemsihi kila anayesoma hapa asikiguse. Tumetengeneza mazingira pepe, yaani Python iliyotengwa, kwa ajili ya leja peke yake, na matoleo ya vifurushi vyote yameandikwa kwenye faili moja ili seva hii ikifa leo, nyingine iweze kujengwa ikiwa na vipande vilevile.

Programu nimeiweka chini ya /srv, wala si ndani ya saraka ya nyumbani ya akaunti yangu kama maelekezo mengi yanavyoonyesha. Tangu Ubuntu 21.04 saraka za nyumbani zinafungwa kwa watumiaji wengine, na Nginx, programu inayopeleka kurasa kwa vivinjari na inayoendeshwa kwa akaunti yake, haiwezi kupita humo kufika kwenye picha na mitindo ya kurasa. Wengi wamehangaika na kurasa zisizo na rangi kwa sababu hiyo tu. Ipo na sababu nyingine iliyo nzito kwangu: leja ni mali ya chama, na haipendezi ikae ndani ya saraka yenye jina langu.

Hifadhidata ni PostgreSQL 16. Maelekezo ya zamani yanasema utengeneze mtumiaji, utengeneze hifadhidata, kisha umpe mtumiaji ruhusa zote, na hiyo ilitosha mpaka toleo la 14. Kuanzia toleo la 15, mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuunda majedwali katika skima ya umma (sehemu ya pamoja ya hifadhidata), hata akipewa ruhusa hizo, na amri ya migrate, ambayo Django huitumia kuunda majedwali, hukwama papo hapo. Tiba safi ni kumfanya mtumiaji wa leja kuwa mmiliki wa hifadhidata tangu inapoundwa. Majedwali yote yaliingia mara moja.

Nimeipitia tena safu ya kilo kabla ya kuondoka. Ni ya desimali kamili yenye nafasi mbili baada ya nukta, wala si ya namba zinazoelea, ambazo haziwezi kuandika sehemu ya kumi kwa usahihi na huacha masalia madogo kila zinapojumlishwa. Masalia hayo yakipita kwenye mizigo ya msimu mzima yanaweza kuipotosha hesabu ya mtu, naye hatakuwa na namna ya kujua yalikotokea.

Alhamisi

Django ina seva yake ndogo ya kujaribia, na nyaraka zake zenyewe zinakataza kuitumia kwa kazi halisi. Badala yake Gunicorn ndiyo inayoendesha programu, na mbele yake inakaa Nginx inayopokea maombi kutoka nje. Katibu, mama mwenye macho makali kwa kila shilingi, aliniuliza kwa nini tunahitaji programu mbili kupokea ombi moja, na swali lake lilistahili jibu kamili.

Gunicorn huanzisha michakato kadhaa, na kila mmoja, kwa mpangilio wa kawaida, hushughulikia ombi moja hadi liishe ndipo upokee jingine. Karani aliye kwenye bonde la mgomba, ambako simu inashika mtandao kwa mstari mmoja, anaweza kuchukua sekunde nyingi kufikisha ombi dogo la herufi mia chache. Kama simu hiyo ingezungumza na Gunicorn moja kwa moja, mchakato mzima ungekaa ukimsubiri yeye peke yake, na simu chache za aina hiyo zingetosha kuizuia leja yote. Nginx imejengwa kwa kazi hiyo hasa: hushika maelfu ya miunganisho ya polepole kwa kumbukumbu kidogo, hupokea ombi mpaka lote limefika, na ndipo huikabidhi Gunicorn, ambayo hulimaliza mara moja na kurudi kwenye kazi nyingine. Jibu nalo hupita njia hiyohiyo. Mtu aliyeko Dar es Salaam mwenye intaneti ya kasi huenda asione tofauti yoyote. Tofauti inaonekana mlimani, na makarani wetu wako mlimani.

Idadi ya michakato nayo ilihitaji kufikiriwa. Kanuni inayopendekezwa na waandishi wa Gunicorn ni viini mara mbili kisha kuongeza moja, ambayo kwetu ingekuwa mitano. Nimeweka mitatu, kwa sababu kumbukumbu ya GB 2 inagawanywa na PostgreSQL, na makarani watakaoingiza mizigo kwa wakati mmoja ni wachache.

Gunicorn inasimamiwa na systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, ikisikiliza kwenye soketi iliyo ndani ya /run. Nimeiamuru seva ijizime na kuwaka upya bila mimi kugusa kitu kingine, na leja ikarudi yenyewe. Kisha nikaua mchakato mkuu wa Gunicorn kwa makusudi, nao ukafufuliwa. Majaribio haya mawili hayapaswi kurukwa, maana siku seva itakapozimika kweli yawezekana niko safarini, na katibu asilazimike kunitafuta.

Kikomo cha Nginx cha ukubwa wa ombi ni MB 1 kama hakijabadilishwa, na picha za kadi za wanachama zinazopigwa kwa simu huzidi hapo. Sasa ni MB 5.

Ijumaa

Cheti cha HTTPS, njia ya mawasiliano iliyofungwa kwa siri, tumekipata kwa mtoaji wa vyeti Let's Encrypt kupitia zana ya Certbot, bila gharama. Cheti hudumu siku 90, na kipima muda cha systemd hukagua mara mbili kwa siku na kukihuisha zikiwa zimebaki siku 30. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kuonya kwamba cheti kinakaribia kuisha, kwa hiyo nimeandika hati fupi inayokagua tarehe ya mwisho kila wiki na kumpelekea katibu ujumbe kama zimebaki siku chini ya 20. Zoezi la kuhuisha kwa majaribio limepita.

Mipangilio ya Django ilichukua sehemu kubwa ya siku. DEBUG, hali ya kutafutia hitilafu, imezimwa, kwa kuwa ikiachwa wazi kila hitilafu humwonyesha mtu wa nje sehemu za msimbo na mipangilio. Ufunguo wa siri na nywila ya hifadhidata vimetolewa kwenye msimbo na kuwekwa kwenye faili ambalo mtumiaji mkuu pekee anaweza kulisoma, nayo systemd humpa Gunicorn thamani hizo wakati wa kuianzisha. Jina la tovuti limeorodheshwa katika ALLOWED_HOSTS, na anayekuja kwa jina jingine anakataliwa.

Kisha kikaja kizunguzungu cha maelekezo. Nilipoiambia Django impeleke kila mtu kwenye HTTPS, kivinjari kililalamika kwamba ukurasa unazunguka bila mwisho. Maelezo yake ni haya: HTTPS inaishia kwa Nginx, na kutoka hapo hadi kwa Gunicorn ombi linasafiri bila kufungwa, kwa hiyo Django iliona kila ombi ni la HTTP tupu na kulirudisha nje, likaja tena, likarudishwa tena. Nginx inatakiwa kuweka kichwa kinachosema ombi lilifika kwa njia gani, na Django kuambiwa ikiamini kichwa hicho. Angalizo ni kwamba Nginx lazima ikiandike upya kila mara, bila kukipokea kutoka nje, la sivyo mtu yeyote anaweza kujitangaza kuwa amekuja salama. Sharti la kukumbukwa na vivinjari, lile linalokataza kabisa kurudi kwenye HTTP, nimelianza na saa moja tu kama Django inavyoshauri, na nitalirefusha mambo yakituama.

Lugha ya leja ni Kiswahili, na Django inaijua: msimbo wake ni sw. Tafsiri ya sehemu ya usimamizi haijakamilika, kwa hiyo maneno machache bado yanatokea kwa Kiingereza, lakini majina ya majedwali na ya sehemu za kujaza tumeyaandika wenyewe kwa maneno ya mizani: mzigo, karani, kilo, stakabadhi, malipo ya awali. Saa za leja zimewekwa za Dar es Salaam. Mradi mpya wa Django huja na saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, na mzigo wowote ulioandikwa kati ya saa sita na saa tisa usiku ungeonekana kwenye ripoti kuwa ni wa jana. Magari ya kushusha kahawa hukwama barabarani wakati wa mvua na kufika usiku wa manane, kwa hiyo suala hili si la nadharia kwetu. Hifadhidata inaendelea kutunza nyakati kwa UTC. Ni ripoti na kurasa zinazotafsiri.

Jumamosi

Tumepanda Kibosho na makarani, tukapima magunia ya mahindi badala ya kahawa. Kwa upande wa seva hakuna kilichokatika, ila kwenye ripoti ya mchana mwanachama mmoja wa majaribio alikuwa na mizigo miwili yenye uzito uleule, iliyopishana kwa sekunde chache. Karani hakuwa na lawama yoyote. Alibonyeza kuhifadhi, simu ikazunguka, mtandao ukakatika kabla ya jibu kumfikia, naye akafanya ambalo mtu yeyote makini angefanya: akabonyeza tena. Seva ilikuwa imeshahifadhi mara ya kwanza.

Hili ndilo jambo lililonishughulisha kuliko yote katika mradi huu, kwa sababu linagusa kiini cha leja. Kilo zinazojirudia ni fedha ambayo chama kitailipa bila kupokea kahawa, na pengo hilo litawaangukia wanachama wengine. Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa kunasaidia kidogo tu, maana karani anaweza kufungua ukurasa upya. Suluhisho tulilolisimika ni kwamba kila fomu inapofunguliwa hupewa namba yake ya pekee, ndefu na ya kubahatisha, na namba hiyo husafiri pamoja na mzigo hadi kwenye jedwali, ambako safu yake imewekewa sharti la kutojirudia. Ombi la pili likija na namba ileile, PostgreSQL hulikataa, na programu humrudishia karani stakabadhi ya kwanza kana kwamba ndiyo kwanza ameihifadhi.

Nimesisitiza kwamba sharti likae kwenye hifadhidata yenyewe. Programu ingeweza kutazama kwanza kama namba ipo kisha iandike, lakini michakato ya Gunicorn ni mitatu, na maombi mawili yakiingia kwa pamoja kwenye michakato miwili tofauti, kila mmoja utatazama, utakuta hakuna, na utaandika. Hifadhidata ndiyo mahali pekee ambapo yote hukutana. Vilevile nimewasha ATOMIC_REQUESTS, ili kila ombi liwe muamala mmoja: mzigo na salio la mwanachama vinaandikwa vyote viwili, au hakiandikwi hata kimoja.

Tumerudia zoezi tukizima na kuwasha data ya simu katikati ya kuhifadhi. Mizigo miwili haikutokea tena.

Jumatatu

Nakala za akiba. Kila usiku saa nane pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili, inachukua hifadhidata nzima, inaifunga kwa ufunguo wa siri, na kuipeleka sehemu mbili: kompyuta ya ofisi ya chama, na ghala la mbali lisilo la kampuni tuliyokodi kwake seva. Saa ya seva yenyewe ni ya UTC, kwa hiyo kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, imeandikwa 23:00.

Mwenyekiti alikuja ofisini wakati naeleza haya. Baada ya salamu akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo kompyuta ya Dar ikiungua, kilo zangu ziko wapi?" Nikamwambia, "Mzee Mwenyekiti, naomba uzione mwenyewe." Nikachukua seva nyingine tupu niliyoikodi kwa saa chache, nikafuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye daftari la mradi bila kuongeza kitu cha kichwani mwangu, nikarudisha nakala ya usiku uliopita kwa pg_restore, na nikamfungulia leja. Tulilinganisha jumla ya kilo za kila mwanachama wa majaribio kwenye seva zote mbili, naye akafuatilia kwa kalamu mstari kwa mstari. Zililingana. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haina haki ya kuitwa nakala ya akiba, kwa hiyo zoezi hili limeingizwa kwenye ratiba ya katibu kila mwanzo wa mwezi.

Kilichopotea kwenye zoezi ni mizigo iliyoandikwa tangu saa nane usiku. Msimu ukiwa wazi, siku nzima ya mizani ni nyingi mno kuipoteza, kwa hiyo nakala zitachukuliwa kila baada ya saa moja kuanzia mizani inapofunguliwa hadi inapofungwa, na stakabadhi za karatasi zitaendelea kutolewa kama kawaida. Katibu ndiye aliyetaka karatasi zisiondolewe, nami nakubaliana naye kabisa.

Jumatano

Yaliyobaki kabla ya Julai. Kijana wa ofisi aliyeteuliwa kuitunza seva ameshapewa ufunguo wake mwenyewe, na wiki ijayo atafanya masasisho ya Django peke yake huku mimi nikiangalia tu. Ndani ya mfululizo wa 5.2 masasisho hayo ni ya marekebisho, na hayapaswi kuvunja kitu. Makarani wasioshughulika na malipo wataondolewa uwezo wa kuona akaunti za benki na namba za simu za wanachama. Sharti la HTTPS kwenye vivinjari litarefushwa kutoka saa moja hadi wiki moja. Mkataba wa seva na wa jina la tovuti, ambao kwa sasa una jina langu, utahamishiwa kwa chama, na katibu amekwisha kuandaa barua.